Tanbihi ya Jedwali la Saba

Ghorofa ya tatu, Mtumba, vumbi jekundu
limelala juu ya kibodi kama limeajiriwa.
Mkuu wangu anataka mstari unaopanda.
"Maombi ya hataza," anasema, "ndiyo ubunifu wa taifa.
Chora, Sechelela. Tumia kijani."

Nikachora.
Mwaka wa kwanza mfupi kama kisiki,
wa pili umejikaza, wa tatu umerefuka kidogo,
wa nne umeruka kama mbuzi aliyeona majani.
Ukiutazama kwa mbali unapendeza.
Ukiusogelea, una mengi ya kujibu.

Nani hao?
Katika kila kumi, wanane wana anwani za ng'ambo:
kidonge cha moyo, ncha ya kuchoronga miamba,
mbegu yenye jina refu kuliko mche wake.
Hawakubuni hapa. Wameweka uzio hapa,
kama mtu anayezungushia miba kiwanja
asichokusudia kukilalia hata usiku mmoja.

Na ule mruko wa mwaka wa nne?
Nilifungua majalada, moja moja.
Chuo kimoja kilikuwa kimetangaza: mwenye ombi apande cheo.
Basi mhadhiri akalikata jiko lake vipande vinne:
mfuniko ombi, mguu ombi, mlango ombi,
na jivu nalo, Mungu wangu, likapata namba.
Kama jiko lenyewe liliwahi kuivisha ugali,
jalada halisemi.

Jumamosi nilikwenda Kizota.
Nyuma ya ghala la alizeti, Lameki Chilongani
anachomelea bila miwani,
jicho moja kalifumba kama anaukonyeza moto.
Mashine yake inapura uwele:
rimu ya baiskeli, mota ya friji iliyokufa Area D,
na wavu alioukunja upya mara saba
mpaka punje zikakubali kutoka nzima.
"Mara saba?"
"Sita nilikosea."
Hizo sita hazimo kwenye jedwali langu.
Wala ya saba.

Nikamuuliza mbona hakuomba hataza.
Nilitegemea acheke. Hakucheka.
"Ada ni bei ya mota mbili.
Halafu fomu inataka nieleze kwa maneno
kitu ambacho mkono wangu ndio unakijua.
Na Kibaigwa wameshaniiga. Ya kwao ina magurudumu."
Akapuliza slagi.
"Wazo la magurudumu ni zuri. Nimeliiba."

Sikwenda kuusifu ukata wake.
Karatasi ingemfaa, siku ile mgeni mwenye shati safi
alipoipiga picha mashine pande zote nne,
akashukuru, akaondoka,
na sasa zinauzwa dukani, zimepakwa bluu.
Alipolisimulia hilo, Lameki aliinama
kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Huku kwetu mvua huchagua shamba.
Kipimamvua kiko uwanja wa ndege;
kikikauka, redio inasema Dodoma haijanyesha,
na Hombolo wamelowa chapachapa, zabibu zinapasuka.
Chombo hakisemi uongo. Kinasema kilichoingia ndani yake.
Ni sisi tunaokibebesha anga yote.

Jumatatu nikaandika tanbihi, mistari kumi na moja.
Kwamba kuomba si kupewa,
na kupewa si kuunda, na kuunda
mara nyingi hakupiti dirishani kwetu.
Kwamba wa ndani watenganishwe na wa nje,
hata kama mstari utafupika, hata kama utatutia aibu.

Mkuu aliisoma kimya, akavua miwani.
Baba yake, aliniambia, alichonga makomeo ya mbao Mpwapwa;
komeo lililofunguka kwa anayejua wapi pa kubonyeza tu.
"Hakuna aliyewahi kuyahesabu."
Kisha akaikata tanbihi ikabaki mstari mmoja.
Nafasi, alisema.

Kitabu kimetoka. Kijani kinapanda.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama punje za uwele:
*Takwimu hizi zinahesabu maombi.*
Ukikipata, anza kusoma hapo.